Wairaqw wa Mbulu: Imani ya mvua, mipaka na ‘meeta’ iliyowatoa mabinti nyumbani

Ukitaja Mbulu, wengi huwafikiria Wairaqw, watu ambao majirani wamezoea kuwaita Wambulu. Wapo Mbulu, Karatu, Babati na Hanang. Lugha yao si ya Kibantu wala haihusiani na Kimasai. Ni ya Kikushi, ndugu wa Kigorowa cha Babati na wa Kialagwa na Kiburunge vya Kondoa.

Je, wametoka Iraq?

Hapana. Stori hiyo inasambaa sana kwa sababu majina yanafanana. Mwaka 1998 mtafiti Ole Bjørn Rekdal alionesha kuwa lilikuwa kisio tu la waandishi wa kigeni, likarudiwa mpaka baadhi ya wenyeji nao wakalisimulia kama asili yao. Lugha yenyewe inaelekeza upande wa Ethiopia, walipo Wakushi wengi.

Nyumba ndani ya ardhi

Kitovu chao ni Irqwar Da’aw, milima ya Kainam na jirani zake. Zamani walichimba nyumba kwenye mteremko, paa likawa bapa na kufunikwa udongo. Ukipita kwa mbali huoni kitu. Sababu ilikuwa Wamasai waliokuja kuteka ng’ombe. Mifugo ililala ndani pamoja na watu, na samadi yake ikarudi shambani. Ndiyo maana waliweza kulima milima ileile miaka mingi bila kuhama: mtama, ulezi, na baadaye mahindi, maharage na viazi.

Looaa na neetlaangw

Mungu wao wa asili ni Looaa, neno ambalo pia ni jina la jua. Looaa ni wa kike, mama mpole mwenye kutoa mvua na uzazi. Upande wa pili wapo neetlaangw, roho za kiume zinazokaa kwenye chemchemi na mito. Hizi ndizo za kuogopwa. Zikikasirika, watu huugua, na njia ya kuzituliza ni kafara ya kondoo au mbuzi.

Wazee wakikutana, pombe ya mtama huwa haikosi. Mmoja huongoza slufay, sala ndefu ya kishairi ya kuombea nchi, na wengine huitikia.

Aya: ardhi yenye mpaka

Jamii ya Wairaqw iligawanyika katika maeneo yanayoitwa aya. Aya haikuwa ya ukoo mmoja. Ilikuwa ya wote waliokaa ndani ya mpaka wake, na mpaka huo ulilindwa kwa ibada. Mnyama wa kafara alizungushwa mpakani ili magonjwa na ukame vibaki nje. Mvua ikigoma, wazee walituma wajumbe kwa qwaslare, mtaalamu wa mvua, awaambie nani amevunja mwiko na nini kifanyike.

Meeta: kutengwa

Hapo ndipo inapoingia meeta. Kifo cha mwenzi au cha mtoto kilihesabiwa kuleta uchafu unaoweza kuambukiza majirani na kuharibu ardhi. Basi familia ilitengwa kwa miezi, wakati mwingine karibu mwaka. Haikula na wengine, haikuazima moto, na ng’ombe wake hawakuchanganywa na wa jirani. Muda ukiisha walitakaswa, maisha yakaendelea.

Ila kwa binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa, mambo yalikuwa magumu zaidi. Hakuruhusiwa kujifungua nyumbani kwao, maana damu ile iliaminika kufukuza mvua ya wote. Alitakiwa kutoka kabisa, hata kama wazazi walimpenda. Mama angeweza kulia, lakini baba aliyemficha alihesabiwa kuihatarisha aya nzima.

Waliowapokea ni Wadatoga

Wengi wa mabinti hao walipata hifadhi kwa Wadatoga, wakiwemo Wabarabaig, wafugaji wa tambarare zinazouzunguka Mlima Hanang. Kwa Wadatoga mtoto ni baraka, na mimba ile haikuwa na mkosi kwao. Binti aliolewa huko, mtoto akapewa ukoo wa Kidatoga.

Matokeo yake, makabila haya mawili yaliyopigana vita na kuibiana ng’ombe yamechangia damu. Zipo familia nyingi za Hanang zenye bibi aliyezaliwa Mwiraqw.

Leo hali ikoje?

Wairaqw wengi sasa ni Wakristo, hasa Wakatoliki na Walutheri. Nyumba za chini ya ardhi zimebaki kumbukumbu, na meeta imelegea sana. Slufay bado inasikika kwenye harusi na mikutano ya wazee. Anayetaka kuuelewa utamaduni huu atazame pande zote mbili: imani iliyowafundisha watu kuitunza ardhi kama mali ya wote ndiyo hiyohiyo iliyomtwisha binti mmoja mzigo wa mvua ya kijiji kizima.