Mbwa Akirudi Hapigwi

Msomaji aniwie radhi nikianza sura hii kwa habari za mbwa. Najua kwetu mbwa si kiumbe cha kuandikiwa insha. Kumwita mtu kwa jina lake ni tusi, na kumwita mtoto wa mbwa ni kutafuta ugomvi. Hata hivyo, tangu nistaafu nimekuwa nikitambua kwamba sehemu kubwa ya ninayoyafahamu kuhusu kufundisha sikuyapata chuo cha ualimu. Niliyapata kwenye banda la mbwa, nikiwa mtoto, kisha nikayasahau kwa muda wote nilioyahitaji.

Baba yangu alikuwa mtunza mbwa katika shamba la ngano la Mzungu mmoja, upande wa magharibi wa mlima Kilimanjaro. Hiyo ilikuwa miaka ya 1950. Mbwa walikuwa wanne, na wawili kati yao walikuwa wa aina ya Labrador, weusi tititi. Kazi yao haikuwa kulinda nyumba. Walikuwa mbwa wa bunduki, yaani wale wanaofuatana na mpiga ndege ili kumtafutia na kumletea alichopiga. Baada ya mavuno, kanga na kwale walishuka kwenye mabua kuokota punje, na siku ya Jumapili Wazungu wa mashamba ya jirani walikusanyika kuwapiga. Baba hakujua Kiingereza, ila alijua maneno yake sita, na yote sita yalikuwa ya mbwa. "Siti" maana yake kaa. "Stei" maana yake usibanduke hapo. "Hili" maana yake nifuate mguuni. Mimi niliamini hiyo ndiyo lugha ya mbwa, mpaka nilipofika darasa la tano na kumsikia mwalimu akitwambia sisi "siti"!

Ustadi huu ni wa Waingereza, nao wana historia ndefu nao. Mwaka 1570 tabibu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Dkt. John Caius, alitoa kitabu cha Kilatini kuhusu mbwa wa nchi yake. Ndani yake amemweleza mbwa ambaye akinusa ndege hulala chini kimya, ili mwindaji avute wavu juu yao. Bunduki za kupigia ndege zilipoenea, kazi ya mbwa ilibaki kuwa ile ile ya kuonyesha. Bunduki zenyewe zilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni. Ukipiga mara moja au mbili unasimama kuanza upya. Mtu alitembea polepole nyuma ya mbwa wake, na mbwa akisimama mguu mmoja juu na pua mbele, mtu anajua ndege wako wapi.

Kilichobadilisha mambo ni chombo, kama kawaida. Mwaka 1851, katika Maonyesho Makubwa ya London, ilionyeshwa bunduki ya Mfaransa Lefaucheux, inayokunjuka katikati na kutiwa risasi kwa nyuma. Mafundi wa Uingereza waliiga na kuiendeleza. Sasa mtu aliweza kupiga na kupiga tena bila kungoja, na mabwana wenye mashamba makubwa wakaacha kuwafuata ndege. Walijipanga mstari, wakawatuma watu vichakani kuwafurusha ndege wapite juu ya vichwa vyao. Ndege walianguka kwa makumi na kwa mamia. Mbwa wa kuonyesha alikosa kazi. Aliyetakiwa ni mbwa wa tabia nyingine kabisa: akae kimya katikati ya kishindo, akumbuke kila ndege ameangukia wapi, angoje hadi atumwe, kisha amlete kutoka kwenye miiba au maji baridi bila kumtafuna.

Ndipo aina tunazozijua leo zilipopata umaarufu. Mababu wa Labrador waliletwa Uingereza kutoka Newfoundland na meli za wavuvi, na kwa muda mrefu walikuwa mikononi mwa familia chache za mabwana wakubwa. Klabu ya mbwa ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1873, iliwatambua rasmi mwaka 1903. Wale wa rangi ya dhahabu asili yao ni Guisachan, nyanda za juu za Scotland, ambako mwaka 1868 Lord Tweedmouth alipandisha dume wake wa manjano kwa jike wa mbwa wa majini.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Jirani yetu mzee mmoja, Mwislamu mcha Mungu, hakuruhusu mbwa akanyage kizingiti chake, lakini alipenda kukaa mbali kidogo akimtazama baba akifanya kazi. Siku moja alinieleza kwamba katika Surat Al-Maida, aya ya 4, nyama iliyokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda imeruhusiwa, na kwamba wanazuoni wameeleza alama za mbwa aliyefundishwa: akitumwa huenda, akikatazwa huacha, na akikamata hali. "Baba yako hajasoma vitabu hivyo," aliniambia, "lakini mbwa wake wamefaulu."

Sasa niseme baba alivyowafaulisha. Alianza kijibwa akiwa na miezi miwili au mitatu, na somo la kwanza lilikuwa bakuli la chakula. Bakuli linawekwa chini, kijibwa anakalishwa, na hali mpaka aruhusiwe. Siku za mwanzo alingoja muda wa kupumua mara mbili, baadaye alingoja baba amalize kufunga kamba za viatu. Kisha ilikuja firimbi: mlio mmoja mrefu ni kaa, milio mifupi mifupi ni njoo. Kisha soksi. Ilikuwa soksi kuukuu ya Mzungu, iliyojazwa matambara na kufungiwa mabawa ya kanga kwa uzi. Baba aliirusha, na kijibwa hakuruhusiwa kuondoka hadi atumwe. Mara nyingine baba mwenyewe alikwenda kuiokota huku kijibwa kakaa anatazama. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Ajue kwamba si kila kinachoanguka ni chake." Hakurusha zaidi ya mara nne kwa siku. Kijibwa akianza kuchoka somo limekwisha, hata kama jua bado liko juu. Nimewahi kukagua madarasa ya walimu wenye vyeti vizuri ambao hawakujua jambo hilo.

Mlio wa bunduki ulikuwa na somo lake. Mimi nilisimamishwa mbali, karibu na zizi, nikagonga debe wakati vijibwa wanakula. Kila siku chache nilisogea hatua ishirini. Ilipofika siku ya bunduki yenyewe, walinyanyua masikio tu wakaendelea kula. Baba alisema mbwa anayekimbia mlio hakuzaliwa hivyo, ametengenezwa na mtu mwenye haraka.

Utunzaji ulikuwa nusu ya kazi. Wakirudi kutoka porini walipapaswa mwili mzima kutafuta kupe, maana homa ya kupe iliua mbwa wengi wa kigeni. Masikio yalichunguzwa kama yana mbegu za nyasi, nyayo kama zina miiba. Aliyelowa alikaushwa kwa gunia kabla baba hajajikausha mwenyewe. Walilala juu ya mabua makavu, kwenye vitanda vya mbao vilivyoinuliwa kutoka sakafuni. Walikula ugali wa dona na nyama ya kuchemsha kila siku ya Mungu, na sisi nyumbani nyama tulikula Krismasi na siku ya mgeni. Walichanjwa pia. Huko Uingereza, ugonjwa wa distempa ulikuwa ukiwamaliza mbwa wa bunduki hata mwaka 1923 gazeti la wawindaji, The Field, likaanzisha mfuko wa kuchangia utafiti. Wanasayansi Laidlaw na Dunkin walithibitisha kwamba ni ugonjwa wa virusi, wakapata chanjo kabla miaka ya 1920 haijaisha. Ajabu ni kwamba wanyama wadogo aina ya ferreti waliotumiwa katika kazi hiyo ndio waliosaidia, mwaka 1933, kuvipata virusi vya mafua ya binadamu. Kwa hiyo mapenzi ya mabwana kwa mbwa wao yalitufikia na sisi, kwa njia ya mzunguko.

Nimejikokota makusudi kabla ya kufika kwa Tesi. Tesi alikuwa Labrador jike wa mwaka mmoja na nusu, na mwenye akili kuliko wote. Jumapili moja ya mwaka 1957 walimtoa mbele ya wageni kwa mara ya kwanza. Bunduki ya kwanza ilipolia, sungura alitimka kutoka kwenye mabua, na Tesi akasahau bakuli, firimbi, soksi na vyote. Alimkimbiza sungura katikati ya kundi la kanga, kanga wote wakaruka kabla wageni hawajajipanga, na Tesi akatokomea bondeni. Wageni walicheka. Bwana shamba alikuwa mwekundu kama nyanya. Firimbi ililia karibu saa nzima. Hatimaye Tesi alitokea, ulimi nje, tumbo likiburuta ardhini, akaja moja kwa moja kwa baba. Baba, aliyeaibishwa mbele ya watu, akainua mkanda.

"Hapana piga!" bwana shamba alipaza sauti. Akaja, akapiga goti mbele ya Tesi, akamshika kichwa. Nakumbuka Kiswahili chake cha shambani neno kwa neno: "Mbwa nakwisha rudi, hapana piga. Yeye hapana jua napigwa sababu ya sungura. Yeye nafikiri napigwa sababu ya kurudi. Kesho hapana rudi."

Ndiyo kanuni kuu ya kazi hiyo, na hadi leo mfunza mbwa yeyote wa bunduki atakwambia hivyo hivyo. Mbwa huunganisha adhabu na kitendo chake cha mwisho. Kosa la saa moja iliyopita halipo tena kichwani mwake. Kilichopo ni kurudi. Ukimpiga hapo umemfundisha jambo moja tu, kwamba kurudi kunauma. Baba alikishusha kile kiuno cha ng'ombe taratibu, akakivaa tena. Tesi alianza upya na soksi kwa mwezi mzima, na baada ya hapo sikumbuki kumwona akiondoka bila kutumwa.

Mwaka uliofuata bibi yangu alifariki huko Upareni. Baba alipewa ruhusa ya siku saba. Matanga na njia vikamshika, akarudi siku ya kumi na moja, kwa miguu kutoka barabara kuu. Hakukamatwa wala hakuitwa, alirudi mwenyewe. Bwana yule yule alimtandika kofi mlangoni pa banda la mbwa na kumkata mshahara wa mwezi. Baba alinisimulia habari hiyo mara moja tu, nikiwa tayari chuoni. Hakuongeza neno. Aliendelea kumenya muwa.

Mzungu huyo alipouza mali zake na kuondoka, alimwachia baba firimbi na kitabu kimoja kikuukuu chenye picha za mbwa. Mimi ndiye niliyekuja kukisoma. Kilikuwa kitabu cha W. N. Hutchinson, afisa wa jeshi la Uingereza, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1848 na kuchapwa tena na tena. Kinaitwa Dog Breaking, na jina lake refu linaahidi njia ya haraka, ya hakika na rahisi kuliko zote. Nilikwama kwenye jina. Nilifungua kamusi nikahakikisha: ni kuvunja. Kwa karne nzima Waingereza walimwita mwalimu wa mbwa mvunjaji, kama walivyosema pia kwa farasi. Ila Hutchinson mwenyewe, nyuma ya jina hilo kali, anataka masomo ya mwanzo yaanzie nyumbani kwa upole, kwa ishara za mkono, kwa kipande cha mkate, na kiboko kitumike kwa uchache. Jina lilichelewa kufuata maana. Mwaka 1952, P. R. A. Moxon alipotoa kitabu chake juu ya mbwa hao hao, jaladani hakikuwapo tena kuvunja, kulikuwa na kufunza.

Nilicheka Waingereza kwa neno lao. Sikujisikia mwenyewe katika ofisi ya walimu nikisema, "Huyu nileteeni, nitamnyoosha."

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mvulana mmoja wa darasa la sita alitoweka. Tulisikia kakimbilia Mererani, kwenye mashimo ya tanzanaiti, kama walivyofanya wengi. Siku ya kumi na moja asubuhi alisimama mlangoni pa ofisi yangu. Vumbi lilikuwa limemganda hadi kwenye kope. Alikuwa hajapita hata nyumbani kwao. Alisema, "Shikamoo mwalimu, nimerudi."

Kanuni za mwaka 1979 ziliniruhusu viboko visivyozidi sita. Leo, tangu mwaka 2002, ni vinne. Nilimpa vyote sita. Nilifuata utaratibu: niliandika jina, kosa, idadi na tarehe katika daftari la adhabu, nikatia sahihi yangu. Kwenye safu ya kosa niliandika "utoro". Sikufikiri habari ya Tesi. Sikufikiri hata habari ya baba, ingawa siku zilikuwa kumi na moja vile vile. Mvulana hakulia. Aliinama, akasema "Ahsante mwalimu," kama tulivyowafundisha kusema, akatoka.

Nilidhani amekwenda darasani. Saa ya mapumziko mwalimu wake wa darasa alikuja kuniuliza kama bado niko naye. Jioni niliwatuma viranja nyumbani kwao; mama yake hakuwa na habari hata kwamba amerudi. Wakati ule shule yetu ilikuwa na upungufu wa walimu, na daftari la mahudhurio la darasa la sita nililiita mimi. Hadi muhula ulipofungwa nililisoma jina lake kila asubuhi, nikangoja kidogo, kisha nikatia alama nyekundu.