Tarehe ya Kombe la Maadi

Hii ni tarehe ya Kombe la Maadi, ambalo vijana wa shule za sekondari za New Zealand hulishindania kila mwaka kwa mashua za makasia manane. Imeandikwa kwa sababu nasaba ya kombe hili imeanza kuvurugwa. Wapo wanaosema mbio hizi ni wajukuu wa Eton, shule ya Uingereza iliyoshindana na Westminster kwenye Mto Thames mwaka 1829, na kwamba walowezi walizihamisha pamoja na kriketi na kengele za kanisa. Eton ina heshima yake, nasi tumeshaitaja, yatosha. Kombe hili kwao ni Misri, na mzazi wake ni Cairo River Club, klabu ya wapiga makasia wa Mto Nile.

Maadi ni kitongoji cha kusini mwa Cairo, ukingoni mwa mto uleule unaoanza safari yake Jinja. Mwaka 1940 jeshi la New Zealand lilipiga kambi jangwani karibu na hapo, na kambi hiyo ikawa ndiyo nyumbani kwao katika vita vya Afrika Kaskazini: walitoka huko kwenda Ugiriki na Krete, wakarudi huko baada ya mapigano ya El Alamein. Miongoni mwao walikuwamo wapiga makasia, na mtu wa maji akiyaona maji hatulii. Mwezi wa Novemba 1943 yakafanyika kwenye Mto Nile mashindano ya Kombe la Freyberg, yaliyobeba jina la jenerali wao Bernard Freyberg, ambaye ujanani alikuwa bingwa wa kuogelea na baadaye akawa Gavana Mkuu wa nchi yake. Askari wa Maadi wakashinda. Hapa ndipo pa kutua, maana mgeni alimfuata mwenye mto na kumshinda juu ya maji yake, na mwenye mto hakununa. Cairo River Club iliwatunukia wageni kombe, ndilo hili la Maadi, nao wakajibu kwa waka huia.

Zawadi hiyo ya pili haifai kupitwa kimyakimya. Waka huia ni kisanduku cha mbao chenye kifuniko, kilichochongwa kwa ustadi, ambamo wakuu wa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, waliweka manyoya ya ndege aitwaye huia, meusi yenye ncha nyeupe, ya kuvaliwa kichwani. Kisanduku hicho kilitundikwa darini, na kwa kuwa watu walikitazama kutoka chini, mafundi walikinakshi hata kitako chake. Ndege mwenyewe ametoweka. Mara ya mwisho kuonekana kwa hakika ilikuwa 1907. Ama neno waka, maana yake ni chombo: chombo cha kusafiria majini na chombo cha kuhifadhia vitu. Wazungu hulieleza jambo hili kwa maneno mengi, lakini Mswahili hana haja ya maelezo, kwa kuwa kwake jahazi ni chombo na bakuli ni chombo. Basi Wamisri walitoa chombo na wakapokea chombo, na kubadilishana kwa namna hiyo huunga udugu kuliko mkataba wenye mihuri.

Turudi kwenye madai. Wapinzani husema kwamba vijana wa New Zealand walipiga makasia kabla ya vita, kwa hiyo kombe halikuanzisha kitu. Ni kweli walipiga, lakini shule yenye mto ilishindana na jirani yake, na habari ikaishia hapo. Kombe lilipofika nyumbani lilitengwa kwa ajili ya mashua za makasia manane za shule, likashindaniwa mara ya kwanza mjini Whanganui mwaka 1947. Kombe likiwa moja kwa nchi nzima, kila shule inayolitaka lazima iuache mto wake na kwenda kupimwa ugenini. Tofauti ya mchezo wa mtaa na mchezo wa taifa ni hiyo.

Wengine husema kombe ni fedha tu, na fedha haimfundishi mtu. Hawa hawajaiangalia mashua yenyewe. Ina urefu wa kama mita 17, na upana wake haumzidi sana mtu aliyeketi. Vijana wanane wameketi mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na kasia moja, wakienda kinyumenyume. Anayeona mbele ni mshika usukani peke yake. Kasia halipiti kwenye kishwara kama la mashua zetu, bali limebanwa kwenye mkono wa chuma uliochomoza nje, na kiti kinateleza ili nguvu itoke miguuni. Mmoja akichelewa kuchovya kasia, mashua nzima inalala upande na wenzake saba wanakosa maji. Kwa hiyo shule haiwezi kulitwaa kombe hili kwa kijana mmoja mwenye misuli. Inahitaji kocha wa kuwalinganisha wanane, na wadogo wanaoandaliwa nyuma yao, kwa kuwa wakubwa humaliza shule kila mwaka. Anayetangaza tuzo ya namna hiyo amekwisha kudai ukocha wa kudumu, hata kama hakuandika neno lolote.

Yapo na madai ya maziwa: kwamba mchezo umekuzwa na Karapiro na Ruataniwha, yanayopokezana kuwa wenyeji wa mbio. Maziwa yote mawili yalitengenezwa kwa ajili ya umeme, na bwawa la Karapiro lilikamilika mwaka uleule wa 1947. Lakini bwawa huita mafundi wa mitambo, haliiti watoto wa shule. Wapo pia wanaomtaja kocha Rusty Robertson, ambaye vijana wake walileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, lakini wakati huo kombe lilikuwa limeshashindaniwa kwa miaka zaidi ya ishirini. Linaloita watoto wa shule ni kombe lenyewe: shule ya Wanganui Collegiate imelitwaa mara nyingi. Hamilton Boys' High nao wamelitwaa. Wasichana wana kombe lao.

Nasaba basi isomwe hivi: Cairo River Club ilizaa kombe, kombe likavuka bahari na kuzaa mbio za Whanganui, mbio za Whanganui zikazaa mashindano ya kitaifa yanayokusanya shule zaidi ya 100. Atakayeianzia Thames na aeleze kwanza kwa nini vijana hao, kila mwezi wa Machi, wanaliita kombe lao kwa jina la kitongoji cha Cairo.