Wembe, jembe na jiwe la kunolea



Mwaka 2018, wakati siye watu wa kando ya ziwa tulikimbilia Uganda kwa mitumbwi kutoka Tchomia, kila mutu alibeba kile mukono wake ulikamata. Mama alibeba sufuria. Mimi nilibeba simu ambayo haikuwa hata na moto. Baba mukubwa alibeba kitambaa kimefungwa, na ndani mulikuwa wembe wa kukunja, mukanda wa ngozi na kajiwe ka rangi ya njano. Mbuzi zake zote zilibaki. Tulimucheka sana. Tulipofika kambi ya Kyangwali tuliacha kumucheka, na nitaeleza sababu. Lakini kwanza turudi nyuma, juu wembe ule uko na historia ndefu kuliko ya jamaa yetu.

Sikilizeni maneno haya mawili: jembe na wembe. Hayafanani kwa bahati. Wachunguzi wa lugha za Kibantu wanayaweka katika jamaa moja ya zamani sana, maneno ya vyuma vyenye makali. Kule Rwanda wanasema urwembe. Maana yake ni kwamba mababu walijua kunyoa kwa chuma miaka mingi mbele ya muzungu kufika. Muhunzi alifua jembe la kulima, na kwa chuma kilekile alifua wembe mudogo wa kunyoa kichwa cha mutoto muchanga, ao cha wafiwa siku ya kumaliza kilio. Chuma kile kilikuwa laini, makali yake yalilala upesi. Kwa hiyo mwenye wembe alikuwa pia mwenye jiwe. Kunyoa na kunoa ilikuwa kazi moja.

Wembe wa kukunja kama ule wa baba mukubwa ulitoka Ulaya. Miji miwili ilijulikana sana kwa kuutengeneza: Sheffield kule Uingereza na Solingen kule Ujerumani. Katika miaka ya 1740, fundi wa Sheffield aliyeitwa Benjamin Huntsman alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, na chuma hicho kilishika makali mazuri na kuyatunza. Lakini chuma kigumu kinaomba jiwe zuri, na moja ya mawe yaliyosifiwa zaidi lilitoka Ubelgiji, katika vilima vya Ardennes, upande wa Vielsalm. Wanaliita coticule. Ni jiwe la njano, na ndani yake muko punje ndogo sana za garneti, ngumu kuliko chuma. Punje hizo ndizo zinakula chuma polepole bila kukikwangua vibaya.

Sasa muone namna njia zinakutana. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana kule Ituri. Mwaka 1908 Kongo ikawa koloni ya Ubelgiji, na mwaka 1926 kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa. Wazungu walikuja na vitu vyao, na vitu vingine vilibaki katika mikono ya watu wetu. Baba mukubwa anasema kajiwe kake kalitoka kwa Mubelgiji mumoja, kakapita kwa baba yake, kisha kwake. Siwezi kuapa, lakini rangi ni ile.

Mwaka ule wa 1903, kule Marekani, King Camp Gillette alianza kuuza kitu kipya: wembe mwembamba ambao haunolewi. Ukichoka, unautupa. Mwaka wa kwanza aliuza vishikio 51 tu na nyembe 168. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, na serikali ya Marekani ikanunua vishikio milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Walirudi nyumbani na desturi mupya, na desturi ile ikazunguka dunia. Mpaka leo, kwetu, watu wengi wanaita kila wembe mwembamba kwa jina la muzee yule. Bei ikashuka, kunyoa kukawa kwepesi. Na pale ndipo kunyoa kuliachana na kunoa. Vijana wengi wa rika langu hatukujua kunoa hata kisu cha mama.

Ndiyo sababu tuliacha kumucheka baba mukubwa. Kambini, visu vya wamama vilikuwa butu, makasi ya washonaji yalitafuna kitambaa badala ya kukata, majembe ya kulimia vishamba yalifika bila makali. Baba mukubwa alikaa chini ya turubai na tupa moja ya kuomba na kajiwe kake. Jembe alilipitisha tupa, kisu na makasi alivimalizia kwenye jiwe. Mwenye sabuni alilipa sabuni, mwenye unga alilipa unga. Jioni alinifundisha kwa wembe, akisema: ukiweza wembe, vingine vyote utaviweza.

Fundisho lenyewe ndilo hili. Lowesha jiwe na maji. Laza wembe kabisa, mugongo na makali vyote viguse jiwe. Sukuma makali yakiwa mbele, mukono mwepesi, kama unataka kukata ngozi nyembamba ya jiwe. Ukifika mwisho, ugeuze juu ya mugongo wake, urudi. Hesabu iwe sawa pande zote mbili. Ukiona unakata manyoya ya mukono bila kuvuta, jiwe limemaliza. Kisha mukanda wa ngozi, na hapa ni kinyume: mugongo mbele, makali nyuma, mara 30 hivi. Mukanda ni wa kila unaponyoa, jiwe ni baada ya wiki nyingi. Mara ya kwanza mimi niliinua mugongo, nikaharibu kwa dakika moja makali ya miaka. Hakunigombeza. Alinirudishia jiwe tu, nikafanya kazi siku mbili.

Ukimaliza kunyoa, kausha kabisa, usiukunje na maji. Paka tone la mafuta ya mashini ya kushona. Mawese hapana, yanagandamana. Na jiwe likianza kuwa na shimo katikati, lisugue juu ya saruji mpaka linyooke.

Neno moja la lazima. Wembe wa namna hii ni wa mutu mumoja. UKIMWI na homa ya maini ya B hupita katika damu, na Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilitukumbusha hapa Ituri kwamba maji ya mwili si ya kuchezea. Kijana anayefungua salo ya kunyoa atumie wembe mupya kwa kila muteja. Hapo muzee Gillette alitusaidia, tusimukatalie.

Basi ninaomba nini? Tukikutana kugawa vifaa vya waliorudi, tuwekee kila kundi jiwe moja zuri na tupa moja, na tutafute muzee wa kuwafundisha vijana. Pakiti ya nyembe ikiisha, imeisha. Jiwe litanoa majembe ya musimu huu na ya musimu ujao, makasi ya washonaji na visu vya soko. Na tukilazimika kukimbia tena, Mungu apishe mbali, jiwe linaingia katika mufuko, na ufundi hauna uzito.

Leo mikono ya baba mukubwa inatetemeka. Kila siku ya posho, hapa Bunia, anakaa kwenye kiti, anafunga macho, ananipa shavu. Mbele ya kuanza anauliza neno moja tu: «Umepitisha kwenye mukanda?»