Boma na Kichwa cha Mangi

Kwa mtu wa Uru, habari za Mangi Meli si za mbali: Wajerumani walimnyonga Old Moshi, nchi jirani, tarehe 2 Machi 1900. Zama zizo hizo Waarusha na Wameru walishurutishwa kulijenga Boma la Arusha. Lilikuwa ngome, kisha ofisi za serikali. Sasa ni makumbusho, na nyumba zilikotoka amri ndiyo inayosimulia. Ni haki, ingawa imechelewa. Old Moshi nako Meli amewekewa maonyesho, lakini yana pengo: kichwa chake chasadikiwa kuwa kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 uchunguzi wa Berlin ulilitambua fuvu la Akida, mshauri wake. La Mangi halikutambuliwa.