Kuvumbika si Kuchoma

Orodha ya istilahi za mafuta na gesi iliyonifikia hapa Kitale, kazi ya kamati ambayo sitaitaja, imeiita pirolisisi "uchomaji wa mwamba". Mara ya kwanza nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Nilipofungua ukurasa wa pili nikakuta "tanuri la uchomaji" na "kiwango cha uchomaji", nikajua kwamba watu wazima waliketi, wakanywa chai, wakakubaliana kuwa mwamba wa Lokichar, Turkana, huchomwa kama mahindi ya kando ya barabara ya Kapenguria.

Wasomaji wa safu hii hawahitaji kufundishwa pirolisisi. Nitakumbusha jambo moja tu, maana kesi nzima imesimama juu yake: katika tanuri la kwanza la mashine ya Rock-Eval hamna oksijeni. Unga wa mwamba, usiofika hata gramu moja, hutiwa katika kikombe cha chuma na kupitishiwa nitrojeni au heliamu. Joto hushikiliwa kwanza kwenye nyuzi 300, yakatoka mafuta yaliyokwisha kuwamo mwambani, ndiyo S1. Kisha hupandishwa, kwa kawaida nyuzi 25 kila dakika, mpaka kupita 550, na kerojeni yenyewe ikavunjika na kutoa S2. Mwamba haukuwaka. Moto pekee uliopo ni ule mdogo wa haidrojeni ndani ya kitambuzi, nao hauugusi unga. Baada ya hapo mashine nyingi huhamisha masalio kwenye tanuri la pili, zikaingiza hewa, na kaboni iliyobaki ikateketea kweli ili ipimwe. Huko ndiko kunakochomwa. Sasa kamati, ikishalimaliza neno lake kwenye tanuri la kwanza, italiitaje la pili? Uchomaji tena? Uchomaji hasa?

Neno lipo, na limekuwapo kabla ya Wafaransa kubuni mashine yao miaka ya 1970. Ni kuvumbika. Kiazi kitamu kikizikwa katika majivu ya moto kimevumbikwa. Kikitolewa kimeiva, hakikuguswa na ulimi wa moto. Ndizi mbichi zinazofunikwa ili zifike soko la Chwele zikiwa mbivu zimevumbikwa pia, ijapokuwa wako wanaosema zimevundikwa, na sina ugomvi nao. Hata mbegu iliyotiwa katika udongo mkavu kungoja mvua imevumbikwa. Katika maana zote hizo kitu kimefunikwa, kimenyimwa hewa au mwanga, kikaachwa kigeuke chenyewe. Nani angetaka ufafanuzi bora zaidi wa kazi ya tanuri lile?

Mjumbe mmoja, msomi kwa cheo, aliniandikia kwamba kitenzi hicho hakifai kwa kuwa kinaishia na -ika, "hali ya kutendeka", kama kuvunjika. Lau angefungua sarufi yoyote angekutana na -ika nyingine, kongwe, ya kuweka kitu mahali pake: kuandika, kubandika, kutundika, kupachika, kufunika, kuinjika chungu jikoni. Ukoo huo haujui kutendeka. Una mtendaji mwenye mikono. Kuvumbika kumo humo, na sikio la Mswahili hulisikia vumbi ndani yake bila kuelekezwa. Kishona cha Zimbabwe nacho kina kuvumbika kwa kufukia katika majivu. Kwa hiyo neno hili lilizoea majivu kabla ya kamati yoyote kuundwa, na aliyelikataa kwa sababu ya silabi mbili za mwisho alikuwa akitafuta sababu.

Hoja yao yenye nguvu, nami naiheshimu, ni makaa. Bungoma yote husema kuchoma makaa, na kutengeneza makaa ni pirolisisi tupu. Ni kweli. Lakini mtazame huyo mchomaji kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi, hushindilia udongo juu, kisha hukaa macho usiku akiziba kila ufa unaotoa moshi vibaya. Anaogopa nini? Anaogopa yasichomeke! La: anaogopa yakichomeka. Hewa ikiingia, asubuhi atafukua majivu. Soko limempa jina la kuchoma, mikono yake inavumbika, nami katika istilahi za maabara nitaifuata mikono.

Wengine hukimbilia Kigiriki. Pirolisisi, wanasema, ni moto na kufungua, basi tafsiri lazima iwe na moto. Hivi tangu lini Kigiriki kikawa shahidi asiyehojiwa? Kerojeni imetokana na neno lao la nta. Jina hilo lilitungwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya miamba ya mafuta ya Uskoti. Kerosini ni ndugu yake wa tumbo moja, ya miaka ya 1850, na kila aliyesoma kwa koroboi ameshika nta hiyo ya Kigiriki bila kudaiwa tafsiri. Kwa Turkana jina limesibu kwa bahati: mafuta yaliyotangazwa katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012 yamejaa nta, na malori yaliyoyashusha kupitia hapa Kitale kuelekea Mombasa kuanzia 2018 yalibeba matangi yaliyokingwa ili shehena isigande. Nta hiyo ni ya mwani na tope la ziwa la kale. Shell walichimba kisima cha Loperot-1 mwaka 1992, wakapata mafuta kidogo ya namna hiyohiyo, wakaondoka.

Hapa ndipo kuvumbika kunapolishinda neno lolote la moto. Tope lile la ziwa lilivumbikwa kwanza na ardhi yenyewe, chini ya mashapo yaliyorundikana kwa mamilioni ya miaka, na mashine hurudia kwa dakika chache kazi hiyo ikiongeza joto ili kufidia muda. Kitenzi kimoja kinatosha kwa bonde na kwa maabara. Halijoto ya kilele cha S2, Tmax, husomwa basi kwa maneno ya jikoni yasiyohitaji semina: chini ya takriban nyuzi 435 mwamba bado mbichi, toka hapo hadi karibu 470 umeiva kwa mafuta, kupita hapo umeungua, utoe gesi. Jaribu kusema mwamba "haujachomwa vya kutosha" halafu uone mwanafunzi atakavyokutazama. Kung'aa kwa vitriniti chini ya hadubini hupima uivaji uleule kwa njia nyingine, na kamati wameuita "ung'aavu wa kioo", kana kwamba vitriniti ni dirisha na si mabaki ya miti. Hilo ni la siku nyingine.

Matumizi, kwa haraka: kuvumbika sampuli, uvumbikaji, tanuri la kuvumbikia, S1 ni mafuta yaliyomo, S2 ni mafuta yanayoweza kutoka, ukigawanya S2 kwa kaboni hai yote na kuzidisha kwa 100 unapata kielezo cha haidrojeni. Tanuri la pili libaki la kuchomea. Uchomaji wao nimewaachia huko, mahali unapostahili.