Gilwell: Chuo cha Viongozi Wasiolipwa

Wakikutana viongozi wa skauti, hata ajenda ikiwa na mambo kumi, mazungumzo hayachelewi kuangukia manne: kanuni, mafunzo, sare na ada. Nani ana mamlaka ya kumsimamisha kiongozi? Kozi ni lini, na nauli atatoa nani? Skafu zimepanda bei, je, mtoto asiye nayo aachwe nje ya gwaride? Ada ya mwaka ikikusanywa, kiasi gani kibaki kwenye kundi na kiasi gani kipelekwe makao makuu? Wanaobishana hivyo ni watu wazima wasiopata mshahara kwa kazi hiyo. Wengine wametoka darasani, wengine dukani, wengine ofisini, na jioni inawakuta wanagombania kipande cha kitambaa. Asiyewajua atacheka. Lakini mabishano hayo ni ya zamani kama skauti wenyewe, na ndiyo yaliyozaa taasisi tunayoikumbuka hapa: Gilwell Park, iliyoko Chingford, ukingoni mwa msitu wa Epping, kaskazini-mashariki ya London. Hapo ndipo mafunzo ya viongozi yalipopata makao mwaka 1919, na hapo ndipo ilipozaliwa Wood Badge, vile vipande viwili vya mti vinavyoning'inia shingoni mwa kiongozi aliyehitimu.

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifanya kambi yake ya majaribio Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, akiwa na vijana ishirini na ushei. Mwanzoni mwa 1908 kitabu chake cha skauti kilianza kutoka kwa sehemu sehemu, kila baada ya wiki mbili. Mambo yakamzidi kasi. Vijana walisoma, wakajigawa vikosi, wakachonga fimbo, kisha ndipo wakaanza kutafuta mtu mzima wa kuwasimamia. Hesabu ya mwaka 1910 ilikuta Uingereza ina skauti zaidi ya 100,000. Mtu mzima aliyeshikwa mkono na vijana hao angeweza kuwa kasisi, mwalimu, karani wa benki au askari mstaafu. Kila mmoja aliongoza kwa alivyojua, na wale wastaafu wa jeshi wengi wao walijua kitu kimoja tu, kwata.

Ugomvi wa kanuni haukukawia. Mwaka 1909 Sir Francis Vane, aliyekuwa kamishna wa London, alilalamika kwamba makao makuu yamejaa wanajeshi na kwamba viongozi wanaofanya kazi na watoto kila wiki hawana sauti. Cheo chake kikafutwa. Viongozi wengi wa London walimuunga mkono, yeye akahamia chama pinzani, British Boy Scouts. Chama cha Baden-Powell kikajikinga kwa sheria: Hati ya Kifalme ya mwaka 1912 ilikipa haki juu ya jina lake, beji zake na sare yake. Kwa maoni yangu Vane alikuwa na hoja, na hoja yake haikujibiwa kwa hati ile. Kiongozi wa kujitolea humwamrishi kama askari, maana siku akichoka anakaa nyumbani kwake na huna la kumfanya. Njia iliyobaki ni kumfundisha vizuri hadi aipende kazi.

Vita Kuu ya Kwanza ikaonyesha pengo lilivyokuwa kubwa. Viongozi walikwenda vitani kwa wingi na wengi hawakurudi. Makundi yalisalia mikononi mwa vijana wenyewe, na yale ya watoto wadogo yalishikwa zaidi na wanawake. Vita vilipokwisha Baden-Powell alitaka mahali pa kudumu pa kuandaa viongozi, ila chama hakikuwa na fedha.

Fedha zilitoka kwa kamishna mmoja wa Uskoti, mchapishaji aliyeitwa William de Bois Maclaren. Alikuwa na shughuli zake London na alisikitishwa kuona watoto wa mitaa maskini ya mashariki ya jiji hawana pa kupigia kambi. Akajitolea kuwanunulia uwanja. Baden-Powell akamwomba wazo lipanuliwe: uwanja uwe wa kambi za watoto na pia wa kufundishia viongozi. Maclaren akakubali. Shamba la Gilwell lilinunuliwa kwa pauni 7,000, naye akaongeza nyingine 3,000 za ukarabati, maana nyumba ilikuwa gofu. Aprili 1919, siku za Pasaka, vijana wa mashariki ya London walikwenda kufyeka na kusafisha. Usiku wa kwanza ardhi ilikuwa imelowa wasiweze kupiga mahema, wakalala kwenye kibanda cha mtunza bustani, wakakibandika jina la banda la nguruwe. Kibanda hicho kimetunzwa hadi leo. Tarehe 26 Julai mwaka huohuo Gilwell ikafunguliwa rasmi. Maclaren hakuifaidi sana, alifariki mwaka 1921.

Kozi ya kwanza ilianza tarehe 8 Septemba 1919, ikaendelea kwa siku kumi na mbili chini ya Francis Gidney, Mkuu wa Kambi wa kwanza. Washiriki hawakufika 20. Waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala, lile ambalo Baden-Powell alilipata vitani Matabeleland mwaka 1896 na kulipuliza tena Brownsea. Halafu watu wazima hao, wengine wenye familia na vyeo, waligawanywa vikosi kama watoto, wakachaguliwa viongozi wa vikosi, wakapika wenyewe, wakala walichounguza wenyewe, wakajifunza mafundo ya kamba, ramani, nyayo na huduma ya kwanza. Hapo ndipo ulipo ujanja wa Gilwell. Mtu hakuhubiriwa kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Alirudishwa kuwa mtoto kwa siku kumi na mbili, akaliona hilo kwa macho yake.

Baadaye mpango ukakamilishwa kwa sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa kusoma nyumbani na kujibu maswali kwa maandishi, ya pili kambi yenyewe, ya tatu kurudi kwenye kundi na kukaguliwa kazini kwa miezi kadhaa. Beji haikutolewa mpaka sehemu zote tatu zitimie. Kwa hiyo kiongozi aliyeng'ara kambini kisha akaliacha kundi lake life hakuipata. Ningependa semina zetu nyingi za siku mbili, zinazogawa vyeti kabla ya chakula cha mchana cha siku ya pili, zijifunze hapo.

Tuje kwenye beji. Baden-Powell alitaka kuwatunukia wahitimu kitu, na hazina ilikuwa tupu. Akakumbuka mkufu mrefu wa shanga za mti aliokuja nao kutoka vita vya Wazulu vya mwaka 1888, mkufu wa Dinuzulu, mwana wa mfalme Cetshwayo. Masimulizi ya jinsi alivyoupata hayapatani. Lisilo na ubishi ni kwamba ulitoka vitani. Akachomoa shanga mbili mbili, akazifunga kwa ugwe wa ngozi, kwa kukumbuka ugwe kama huo aliopewa na mzee Mwafrika wakati wa kuzingirwa mji wa Mafeking. Mwanzoni zilivaliwa kwenye kofia, baadaye shingoni. Shanga za asili zilipoanza kupungua, mhitimu alipewa moja ya Dinuzulu na nyingine akachonga mwenyewe. Leo karibu zote ni za kuchonga. Mbili ni za mhitimu, tatu na nne ni za wakufunzi. Viongozi wa watoto wadogo kwa miaka michache walivaa jino la mnyama badala ya ushanga, desturi iliyokufa katikati ya miaka ya 1920.

Skafu ya Gilwell nayo ina hadithi ya pesa. Ya kwanza ilikuwa yote ya kitambaa cha mirabamiraba cha ukoo wa Maclaren, kwa heshima ya mfadhili. Ikaonekana ghali mno. Uamuzi ukawa skafu ya rangi ya kijivu hafifu, ndani nyekundu, na mirabamiraba ibaki kiraka kidogo tu mgongoni. Hivi ndivyo inavyovaliwa mpaka sasa, na ni watu wachache wanaoivaa wanaojua kwamba kiraka wanachokitukuza ni matokeo ya kubana matumizi. Kibanio cha ngozi iliyosukwa kilibuniwa palepale Gilwell na kijana mmoja wa karakana, Bill Shankley. Pesa za vijana nazo zilifuata mkondo uleule wa tahadhari. Kwa kanuni za awali kijana hakupata daraja la pili bila kuwa na akiba ya walau peni sita benki, wala daraja la kwanza bila shilingi moja, na skauti alikatazwa kuombaomba. Sare alitakiwa aichumie.

Kuna jambo ambalo waandishi wa sherehe hupenda kuliruka. Wakati shanga za Kizulu zikigeuzwa heshima ya juu ya kiongozi duniani, vijana wa Kizulu kwao hawakukubaliwa kuwa skauti. Afrika Kusini iliwaundia vijana Waafrika chama cha pembeni mwaka 1922, Pathfinders, bila jina la skauti na bila sare ileile. Mwaka 1936 vilifanywa vyama sambamba, kila rangi na chake, na vikaunganishwa kuwa kimoja mwaka 1977 tu. Sheria ya nne ya skauti inasema kila skauti ni ndugu wa skauti mwingine. Mkufu ulikubaliwa kuvuka mpaka huo wa rangi; watoto wa waliouvaa hawakukubaliwa. Sioni namna ya kuadhimisha Gilwell kwa haki bila kulisema hilo.

Afrika Mashariki haikuwa na sura tofauti sana. Kenya inahesabu skauti tangu 1910, Zanzibar tangu 1912, Tanganyika tangu 1917. Nchini Kenya chini ya ukoloni makundi ya Wazungu, Wahindi na Waafrika yalikwenda kila moja kivyake, na kwa Mwafrika lango lilikuwa shule, hasa shule za misheni. Ndiyo maana kwetu kiongozi wa skauti amekuwa mwalimu tangu zamani, na mpaka leo watu wengi wanadhani ni sehemu ya kazi aliyoajiriwa.

Baden-Powell mwenyewe alimalizia siku zake kwetu. Mwaka 1938 alihamia Nyeri, katika nyumba ndogo ya Paxtu kwenye uwanja wa Outspan Hotel, mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake na mmoja wa wakaguzi wa kwanza wa skauti. Baden-Powell, alipofanywa mwanachama wa Baraza la Malodi mwaka 1929, alikuwa amechagua kuitwa Baden-Powell wa Gilwell. Alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko, na majivu ya mkewe Olave yaliwekwa kaburini humo baada ya kifo chake mwaka 1977. Kwa hiyo mhitimu wa Wood Badge kutoka Arusha au Kisumu hana haja ya kwenda Chingford ili aone mwisho wa hadithi; basi la Nyeri linatosha.

Gilwell ilikuwa na misukosuko yake. Jeshi liliichukua wakati wa Vita Kuu ya Pili, na bomu la Wajerumani likaacha shimo ambalo sasa ni bwawa la watoto kucheza. Kwa miongo mingi baada ya hapo ilibaki mahali palipotegemewa na dunia nzima kwa mafunzo ya viongozi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vyama vya nchi mbalimbali vikakabidhiwa wajibu wa kuandaa mafunzo yao vyenyewe. Uamuzi huo ulifika kwa wakati. Tanganyika ilikwisha kutambuliwa na shirika la skauti la dunia mwaka 1963, Kenya mwaka 1964, na mwaka 1973 Nairobi ikapokea mkutano mkuu wa dunia. Mwaka 2010 vijana wakubwa wa skauti kutoka kila bara walikusanyika Kenya, mara ya kwanza kwa mkusanyiko huo kufanyika Afrika.

Kozi sasa inafundishwa na wakufunzi wetu, kwa Kiswahili penye haja, na wahitimu wake wanahesabiwa kuwa wa kundi la Gilwell sawa na yule aliyelala kwenye banda la nguruwe. Kilichobaki kigumu ni gharama. Maclaren alilipia ardhi, lakini hakuna aliyewahi kulipia siku ambazo mwalimu wa kijijini anaacha shamba na familia yake kwenda kozi, wala nauli, wala skafu atakayorudi nayo. Wengi hutoa mfukoni, na wengi zaidi huahirisha mwaka hadi mwaka kwa sababu hawana. Makundi yanayoongozwa na mtu ambaye hajafundishwa huishia kwenye kile alichokihofia Vane, gwaride na amri, na watoto hujiondoa mmoja mmoja.

Ada ya skauti ni ndogo kwa wazazi wengi, na bodi za shule hujadili michango mikubwa kuliko hiyo kila muhula. Basi, mzazi, ukilipa ada ya mwanao mwaka huu, mwulize kiongozi wake swali moja: kozi yako umeifikisha wapi, na nani amekulipia? Akikujibu kwamba hakuna, pelekeni jambo hilo kwenye kikao cha wazazi, mkamchangie.