Urejeshaji wa homoni: istilahi ya wadudu wa mashamba yetu

Mkulima wa mahindi kati ya Vwawa na Tunduma, mkoani Songwe, anamjua kiwavijeshi vamizi kwa alama zake: majani machanga yaliyotobolewa na kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Mdudu huyu, aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2017, kwa kawaida hupitia hatua sita za ukiwavi, na kila anapotoka hatua moja kwenda nyingine hujivua gamba. Amri ya kujivua hutolewa na homoni iitwayo ekdisoni. Wanasayansi Butenandt na Karlson waliitenga mwaka 1954 kutoka kwa pupa wa nondo wa hariri. Nusu tani ya pupa iliwapa miligramu 25 tu.

Homoni hiyo ikishapanda, lazima ishuke. Isiposhuka, kiwavi huunda gamba jipya akabaki amenaswa ndani ya lile kuukuu. Ndiyo maana mdudu ana jeni za kuiondoa. Mojawapo, CYP18A1, huelekeza utengenezaji wa kimeng'enya kinachoibadili ekdisoni isifanye kazi tena. Nzi wa matunda walioondolewa jeni hiyo maabara hufa wakiwa pupa. Huu ni uvunjaji, na neno hilo latosha.

Tatizo la istilahi liko kwenye njia ya pili ya kuizima homoni. Nondo wa hariri jike, na hata nzige wa jangwani, huifunga ekdisoni kwa fosfati na kuihifadhi ndani ya mayai. Kiinitete kinapokua, kimeng'enya kingine huiondoa fosfati na homoni ileile ikaanza kazi. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walieleza jeni ya kimeng'enya hicho kwa nondo wa hariri. Ni rahisi kuiita njia hii "urejelezaji", neno tulilozoea kwenye chupa za plastiki. Nalikataa hapa. Chupa huyeyushwa ikafanywa kitu kingine, ilhali ekdisoni hurudishwa ilivyokuwa. Huo ni urejeshaji.

Maneno haya yana kazi shambani. Viuadudu vya aina ya methoksifenozaidi huiga ekdisoni, lakini kiwavi hawezi kuvivunja upesi kama homoni yake. Amri ya kujivua haikomi, naye huacha kula akafa. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liyasanifishe maneno mawili haya, uvunjaji na urejeshaji, na maafisa ugani wa Songwe wayatumie wanapomweleza mkulima jinsi dawa aliyoinunua inavyoua.